Rawda Wetu, Aliyeifunga Dawa Mkiani

Mwaka umeshatimia, Rawda binti Husseini, tangu asubuhi ile ya Ijumaa ulipotutoka nyumbani kwa baba yako, Kismayo, kichwa chako kikiwa juu ya paja la bibi yako Mwanasiti, na simu yako ikiwa bado inapokea ujumbe kutoka maabara. Hatukuujibu. Dada yako Layla aliigeuza simu kifudifudi, akaiacha ilie mpaka ikachoka.

Jamaa wengi, wa Chula, wa Kudhaa, wa Mombasa na walioko Ulaya, walituuliza kwa nini ilipofika arubaini yako hatukuandika lolote. Tulikuwa tunangoja. Tulitaka siku tukiandika tuwe na la kukwambia. Sasa tunalo, na tutakwambia kwa utaratibu, kama ulivyopenda mwenyewe kuambiwa mambo, mwanzo kabla ya mwisho, bila kurukaruka.

Wasiokujua nao wajue ulikuwa nani. Ulizaliwa Chula, kisiwani kwetu kusini ya Kismayo, mtoto wa pili wa Husseini Fumo na Zamzam. Ulikuwa na miaka mitano tulipotoka kisiwani mwaka wa 1991, vita vilipozuka Somalia, na nguo tulizovaa, tukafika Mombasa, tukakaa kambini. Ulikuwa mtoto wa kuuliza. Bibi yako alisoma mpaka darasa la nne, na kabla hujatimiza miaka saba ulikuwa umeyamaliza maswali yote aliyokuwa na majibu yake.

Babu yako Fumo alikuita mke wangu, kama wazee wetu wanavyowatania wajukuu wa kike, na bibi yako akakuita mke mwenzangu. Ukiwa mdogo uliichukulia kweli. Ulikuwa ukimpelekea babu yako chai kabla bibi yako hajaamka, halafu unakuja kumwambia bibi yako, kwa adabu kabisa, kwamba umeshamhudumia mume wetu, apumzike.

Mama yako aliugua ukiwa na miaka kumi na mmoja. Ilikuwa homa ya mbu, ile inayovunja mifupa, wengine huiita kidingapopo. Siku ya tano fizi zikaanza kutoka damu. Daktari wa kambini alikuwa mtu mwema, hakutuficha. Alisema homa hii haina dawa, mpeni maji, tusubiri. Ukamshika koti.

"Haina dawa kwa sababu imeshindikana," ukamuuliza, "au kwa sababu hakuna aliyetafuta?"

Daktari alikutazama, akatazama chini. Mama yako alifariki kesho yake adhuhuri. Sisi tulidhani lile ni swali la mtoto aliyeona makubwa, litapita. Wewe ulilibeba shule ya msingi, ukalibeba sekondari, ukaenda nalo chuo kikuu Nairobi, na kutoka hapo ukapata nafasi Uholanzi, ukaenda nalo huko pia.

Baba yako alitaka uwe daktari wa kutibu watu. Ulipomwambia utakaa maabara utafute dawa za virusi, alinuna mwezi mzima. Baadaye akawa anakutania mbele ya wageni, anasema huyu wangu ni daktari wa sahani, hajapata kumshika mgonjwa mkono. Nawe ulikuwa ukimjibu kwamba wagonjwa wako ni wengi kuliko wa daktari yeyote Kismayo, ila bado hawajaugua. Wageni walicheka. Baba yako hakucheka.

Na kweli kazi yako ilikuwa ya sahani. Ulituonyesha picha. Sahani ya plastiki isiyozidi kiganja, ina vishimo tisini na sita, na chini ya kila kishimo seli zimetandikwa kama mkeka. Unatia virusi, vinakula mkeka, vinaacha matundu. Kwenye vishimo vingine unatia virusi na dawa pamoja, unangoja siku kadhaa, kisha unahesabu matundu. Yakipungua, dawa ina kitu. Bibi yako alisema basi hiyo ni kazi ya kukagua nguo iliyoliwa na mende. Ukasema ndiyo, bibi, ndiyo hiyo hiyo, ila kila nguo naikagua mara tisini na sita.

Ulihesabu vishimo kwa Kibajuni, kwa sauti, usipotee. Zakia, mkemia mwenzako kutoka Lamu, ambaye alikuwa meza moja nawe miaka sita, alituhadithia kwamba siku moja hukuwepo, akamsikia Mholanzi mmoja anahesabu vishimo vyake kwa Kibajuni, taratibu, bila kukosea. Alipomuuliza amejifunza wapi, yule bwana akashangaa. Hakujua kuwa hiyo ni lugha ya watu. Alidhani ndivyo kazi ile inavyofanywa.

Ukija likizo uliigeuza nyumba yetu maabara. Ulinawa mpaka kwenye viwiko hata kabla ya kumenya kitunguu. Uliubandika mkebe wa bizari karatasi yenye tarehe ulipofunguliwa, na wa iliki, na wa chumvi. Bibi yako alikuuliza chumvi nayo huoza? Ukasema haiozi, mke mwenzangu, lakini nikijua imefunguliwa lini nalala vizuri. Karatasi zile ziko mpaka leo. Hakuna aliyethubutu kuzibandua.

Katika dawa elfu na zaidi ulizozipima, moja ndiyo iliyokushika roho. Haikuwa na jina, ilikuwa na namba, mia nne na kumi na saba. Ukiitia kwenye sahani, mkeka unabaki mzima. Ulipiga simu siku hiyo unazungumza haraka hata Layla akashindwa kukufuata, na Layla mwenyewe si mtu wa kuzungumza polepole.

Lakini kulikuwa na tatizo. Mliona dawa inafanya kazi, hamkujua inafanyaje. Inakishika kirusi wapi? Au haikishiki kirusi, inaishika seli ya mtu? Mkuu wa maabara alisema, na hakukosea, kwamba dawa isiyojulikana inashika nini haiwezi kupewa binadamu. Akakupa muda mpaka kikao cha mwezi wa kumi na mbili. Ikiwa mpaka siku hiyo hamjui, mia nne na kumi na saba itatiwa kwenye friza kubwa, na meza yenu watapewa wengine. Ulitwambia kitu kikishatiwa katika friza ile hakitoki. Ulilisema hilo kwa sauti ndogo.

Njia yenyewe mliyoitumia ilikuwa hivi. Unaifunga dawa uzi mwembamba wa kemikali, upande wa pili wa uzi unafunga chembe za sumaku. Unaitumbukiza kwenye mchuzi wa seli zilizosagwa zenye virusi ndani yake, inakwenda yenyewe, inashika inachokipenda. Kisha unavuta kwa sumaku, unaosha, unatazama umepanda na nini. Mlivuta miezi minane. Kila mkivuta, uzi unapanda mtupu. Mkasema uzi ni mfupi, mkaurefusha. Mkasema ni mzito, mkaupunguza. Mlibadilisha uzi mara tano.

Ndipo ukaja Chula kwa wiki mbili, mwezi wa saba, umekonda. Babu yako na bibi yako walikuwa wamerudi kisiwani, na baba yako Kismayo, miaka mingi tayari. Bibi yako alikuwa ukumbini anapepeta unga wa mikate ya mofa, babu yako amekaa karibu naye anaunga kamba. Babu yako akakuuliza hiyo kazi yako ya sahani inakwendaje, nawe, kwa kuwa ulikuwa unamjua mtu wako, ukaanza kumweleza kwa chazo.

Kwa vijana waliozaliwa ugenini tuseme kidogo. Chazo ni samaki mwembamba mwenye kibandiko bapa juu ya kichwa, akijibandika kitu hatoki. Wazee wetu walikuwa wakimvua kasa kwa samaki huyo. Wanamfunga kamba, wanamwachia karibu na kasa, anakwenda kujibandika kwenye gamba, nao wanamvuta kasa pamoja naye. Siku hizi kasa wanalindwa, kazi hiyo imekwisha, wala babu yako hailalamikii sana. Lakini alikuwa fundi wake, na ukimtajia chazo huacha chochote alichoshika.

Basi ukavuta sinia la unga la bibi yako, ukachora kwa kidole umbo la dawa yako, kona hapa, kona pale, na uzi unaotokea ubavuni. Bibi yako akasema unga ule ni wa kuliwa. Ukasema dakika moja, mke mwenzangu. Babu yako akainamia sinia.

"Na huyu chazo wako umemfunga wapi?"

"Hapa, babu. Hapa ndipo panapokubali fundo. Pengine pote panakataa."

"Na akienda kushika, hushika kwa wapi?"

Ukasema hamjui kwa hakika, lakini kona hii ndiyo mnayoishuku zaidi. Na kidole chako kikawa kimesimama pale pale penye uzi.

Babu yako alicheka mpaka akapaliwa, bibi yako akampiga mgongoni kwa kiganja chenye unga. Alipopata pumzi akasema, "Mke wangu, miezi minane umemfunga chazo kichwani. Umekiziba kibandiko chake kwa fundo, kisha unamlaumu kwamba hashiki. Mchu hushika kwa fundo?" Mchu ni mtu, kwa Kibajuni chetu.

"Mkiani hapafungiki, babu. Hapana pa kupitisha uzi."

"Basi mtengenezee mkia."

Hukucheka. Ulilitazama lile sinia mpaka upepo ukaanza kulifuta umbo, ukaenda kuitafuta simu.

Hapa bibi yako anataka neno moja liwekwe sawa, kwa sababu Kismayo nzima sasa inasema mzee Fumo ndiye aliyevumbua dawa, na mzee Fumo mwenyewe halikanushi kwa nguvu ya kutosha. Mzee Fumo alicheka, basi. Kucheka kulichukua dakika mbili. Kuutengeneza mkia kulichukua wiki kumi na nne. Ilibidi mia nne na kumi na saba ijengwe upya tangu mwanzo, kipande kwa kipande, iwe ile ile kwa kila kitu, ila upande wa pili iote mahali pa kufungia. Wewe na Zakia mlikuwa mnaingia alfajiri, mnaijenga, inavunjika, mnaijenga tena. Mara ya kumi na tatu ndiyo iliyosimama.

Na lingine hukutwambia wewe, alitwambia Zakia, akilia, siku alipotupigia simu kutupa pole. Mahali pale pa mwanzo pa kufunga uzi palichaguliwa na Zakia. Miezi minane iliyopotea ilikuwa kosa lake, na alikuwa na mkataba wa kuhuishwa mwaka ule ule. Ulipoulizwa kikaoni kwa nini mmechelewa, ulisimama ukasema nilikosea mimi, nilipaswa kuuliza na sikuuliza. Zakia alikufuata nje akakwambia umesema uongo. Ukamjibu kwamba hukusema uongo, mkubwa wa meza ni wewe, na kwenu anayelipa kosa ni aliyeshika usukani. Kisha ukamuuliza kama ameshakula.

Mlipovuta kwa mara ya kwanza kwa mkia, zilikuwa zimebaki wiki tatu kabla ya kikao. Mara hii uzi haukupanda mtupu, ulipanda na kila kitu. Takataka za seli, mamia kwa mamia. Zakia akataka kuosha kwa chumvi kali, takataka zidondoke. Ukakataa. Ulimwambia chazo ukimvuta kwa nguvu anaachia; anavutwa pole, unampa kamba, unangoja kasa achoke. Ukaosha kwa maji laini, baridi, mara tisa, kila mara unasubiri. Uliingia asubuhi na ulitoka inaadhiniwa isha kwenye simu yako.

Kesho yake ukatutumia picha. Karatasi nyeupe, na katikati mstari mmoja mweusi, mmoja tu. Layla akakuandikia hiki nini, umetupigia picha njia ya mchwa?

Ukajibu, "Mwambieni mume wangu nimevua kasa."

Mstari ule ulikuwa kipande cha kirusi chenyewe, kile kinachokitumia kujinakili ndani ya mwili wa mtu. Dawa yako inakishika hapo, kinakaa na mkono wake umebanwa, hakizai. Ulikwenda kikaoni na karatasi ile moja. Zakia anasema mkuu wa maabara aliitazama, akavua miwani, akaitazama tena, na friza haikutajwa. Babu yako aliposikia alivaa kanzu yake ya Idi siku isiyo ya Idi, akazunguka nayo Chula yote.

Tungependa kusimama hapo. Lakini ulipenda mambo yasemwe kama yalivyo. Kukonda kule tulikodhani ni kwa kazi kulikuwa saratani, na ilipojulikana ilikuwa imeshakwenda mbali. Ulirudi Kismayo nyumbani kwa baba yako ukiwa na miaka thelathini na minane. Madaktari walikwambia upumzike. Uliweka kompyuta juu ya mto, ukapumzika hivyo, unamwandikia Zakia, unasoma maandalizi ya kuwajaribia watu dawa yako. Bibi yako alipokuuliza kwa nini usiwaachie wenzako, ulisema umeshawaachia, unahakikisha tu kwamba wameshika vizuri.

Uliogopa jambo moja, na ulimwambia bibi yako peke yake, unakandwa miguu kwa mafuta ya nazi. Hukusema unaogopa kufa. Ulisema dawa nyingi hushinda kwenye sahani zikashindwa kwa watu, na yako ikishindwa hutakuwepo kujua kwa nini. "Nitakuwa nimewasumbua bure, bibi," ukasema. "Miaka yote hiyo." Bibi yako aliendelea kukukanda.

Siku kumi na moja baada ya kukuzika Chula, mtu wa kwanza mwenye homa alimeza mia nne na kumi na saba.

Sasa tukwambie tulichokingojea, mke mwenzangu.

Walikuwa wagonjwa mia mbili na arubaini, wengine Mombasa, wengine katika nchi mbili nyingine. Nusu walipewa dawa yako, nusu kidonge kitupu kinachofanana nayo, na hakuna aliyejua nani kapewa kipi, si mgonjwa wala daktari. Babu yako alisikia kuwa Mombasa wanaandikisha watu, akataka apelekwe. Layla akamwambia ni lazima uwe na homa, na usizidi miaka sitini. Akauliza homa inapatikana wapi. Waligombana siku tatu.

Zakia alipiga simu Jumanne moja, saa sita mchana. Nyumba ilikuwa imejaa, babu yako na bibi yako walikuwa wamekuja Kismayo kwa ajili ya macho ya babu yako. Layla akaiweka simu juu ya meza, sauti ikasikika ukumbi mzima. Zakia alisoma kwenye karatasi. Waliopewa dawa yako, virusi viliisha kwenye damu siku ya pili. Waliopewa kidonge kitupu, siku ya tano. Bibi yako akamwambia asome tena, polepole, akasoma tena.

Baba yako alikuwa amesimama mlangoni. Aliuliza jambo moja tu. "Waliotoka damu ni wangapi?"

"Kwa kidonge kitupu, kumi na mmoja, ammi. Kwa dawa ya Rawda, mmoja."

"Na huyo mmoja?"

"Alipona. Amerudi kwake."

Baba yako alichukua kofia, akatoka. Tulidhani anakwenda msikitini. Alikwenda sokoni, bila kapu, bila haja, na kila aliyempa salamu alimsimamisha akamwambia binti yangu ametengeneza dawa. Muuza mkaa aliambiwa. Muuza maziwa ya ngamia aliambiwa kwa Kisomali. Watu wasiomjua waliambiwa. Mtu yule asiyezungumza na mtu tangu tulipokuzika alirudi magharibi sauti imemkauka, akaomba maji.

Haijaisha, tunajua. Zakia ametueleza kwamba liko jaribio kubwa zaidi, la maelfu, kabla dawa haijafika kwenye duka la dawa. Lakini imeshashinda kwa watu, Rawda. Lile ulilomwambia bibi yako limejibiwa. Hukutusumbua bure. Na safari hii wamekubali wagonjwa wa Kismayo nao waandikishwe.

Kisha ikaja karatasi yenyewe, ile inayochapishwa kwa wataalamu wa dunia nzima waisome. Jina lako ndilo la kwanza, mbele ya mkuu wa maabara. Pembeni ya jina palikuwa na alama ndogo. Baba yako alivaa miwani, akaitazama, akapandwa na hasira. Mwanangu Muislamu kawekewa msalaba, alisema, nani kawapa ruhusa? Zakia akapigiwa simu pale pale. Akaeleza kwamba ule si msalaba, ni jambia, alama ya wachapaji ya kuonyesha kwamba mwandishi ni marehemu. Baba yako akasema jambia au msalaba, kiondoke. Zakia akaandika, wakubwa wakaandikiana, na baada ya wiki mbili ikarudi safi. Sasa pana nyota.

Zakia akatueleza na jambo lingine ambalo hatukulijua. Kule kwao, mtu akitaja kazi ya mwenzake katika maandishi, hamtaji kwa jina lake, humtaja kwa jina la mwisho. Wewe uliandikwa Rawda Husseini Fumo. Kwa hiyo kila mtaalamu atakayeandika juu ya dawa hii, awe Brazili au Uchina, ataandika "Fumo na wenzake". Ndivyo itakavyoitwa. Wameshaanza kuandika.

Bibi yako aliona hapo tumekwisha, mzee sasa hakutakalika naye. Lakini babu yako, miaka yake themanini na minne, aliishika tu ile karatasi asiyoweza kuisoma.

"Fumo ni mimi?" akamuuliza Layla.

"Ni wewe, babu."

"Mimi sikufanya kitu."

"Ndivyo wanavyoandika."

Akamrudishia Layla karatasi, kwa mikono miwili.

"Basi muwaandikie," akasema. "Kila mchu atakayesoma Fumo, ajue Fumo huyo ni mwanamke, na ni wa Chula."

Tumeandika. Hii ndiyo barua yenyewe.

Wanaokukumbuka ni baba yako Husseini Fumo, babu yako Fumo, bibi yako Mwanasiti, dada yako Layla na watoto wake, Zakia aliyekuwa meza moja nawe na ambaye sasa ni wa nyumba hii, pamoja na jamaa wote wa Chula, Kudhaa, Kismayo na Mombasa na waliotawanyika ng'ambo. Hitima itasomwa Ijumaa hii baada ya sala ya alasiri nyumbani kwa baba yako, na wakati huo huo Chula. Wote mnakaribishwa, mje mmuombee yeye na mama yake Zamzam.

Mwenyezi Mungu akulaze pema peponi. Hakuna siku itakayotukuta tumekusahau, Rawda.